Mwanangu Alipowaleta Wageni Shambani

Nyinyi vijana, kwenye simu zenu mnaona picha za watu wanaokuja kutembea huku kwetu, Mbinga na ziwani Nyasa. Wanapanda milima, wanalala kwenye mahema, wanaogelea na samaki. Kuna picha moja mjukuu wangu alinionyesha. Kijana wa kofia na buti ameinama analaza majani shambani, na nyuma yake bibi kizee ameshika jembe. Watu wameandika chini yake, "Pazuri sana," wakapita. Pazuri kweli, sikatai. Lakini bibi kizee yule ni mimi, na kijana yule nimemzaa mimi, na walioipiga picha hawakuambiwa. Kaeni msome. Mimi shule niliishia darasa la nne, sitawapambia maneno.

Nianze na shamba, maana bila shamba hamtaelewa.

Sisi Wamatengo tunalima mlimani, mahali ambapo mgeni akisimama anashika nyasi asianguke. Mvua ya huku ukiichezea inashuka na udongo wako wote mpaka mtoni. Kwa hiyo tunalima ngolo. Mvua kubwa zikikaribia kuisha tunafyeka majani na kuyaacha yakauke. Halafu mwanaume anayalaza kwa mistari, mingine ya kushuka, mingine ya kukata, mpaka mlima mzima unakuwa vyumba vyumba. Mwanamke anakuja nyuma yake na jembe. Anachimba katikati ya kila chumba, udongo anaufunikia yale majani, na juu ya tuta anaweka maharage. Katikati linabaki shimo, na maji ya mvua yanatulia humo. Kulaza ni kwa mwanaume, kuchimba ni kwa mwanamke. Ndivyo nilivyokuta nilipoolewa, na ndivyo tulivyofanya na mume wangu mpaka alipofariki.

Nilizaa watoto wa kiume wawili. Mkubwa akalaza majani baada ya baba yake, kisha naye akaugua akafa, akaniachia mke wake na mabinti. Mdogo alikwenda Arusha kusomea kazi ya kuongoza watalii. Alipomaliza akapata kazi kwa watu wanaoleta wageni huku kusini, kwa sababu anaijua nchi. Nilifurahi nikidhani amekuwa karibu. Kumbe mtu anaweza kuwa Mbinga mjini na bado awe mbali na mama yake.

Ukoo wetu una sengu. Zamani sengu ilikuwa kula pamoja jioni uwanjani kwa babu, kila nyumba inaleta chakula chake, na mambo yote yanasemwa hapo. Siku hizi kila mtu anakula kwake na mlango umefungwa. Sengu tunakaa kukiwa na neno tu. Mwaka ule neno lilikuwa langu.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeanza.

"Shemeji, shamba lako sasa linalazwa na vibarua. Shamba la ukoo halilazwi na kibarua."

"Alilaze nani? Nimfufue mume wangu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Una mtoto. Kama hataki, aseme, tumpe mwenzake mwenye mikono."

"Anataka."

"Amekuambia?"

"Atakuja kukuambia mwenyewe."

"Haya. Tunampa mpaka kupanda maharage. Mwanaume wa nyumba yako asiposhika majani, shamba linakwenda kwa mtoto wa mdogo wangu."

"Na hawa mabinti je?"

"Mabinti wataolewa, shemeji. Shamba halifuati harusi."

Nilirudi nyumbani na hilo tumboni. Shamba lile ndilo linalotulisha. Hapa nyumbani tuna kahawa kidogo na migomba, lakini kahawa huiweki chunguni. Shamba likienda, mimi na mkwe wangu na mabinti tutabaki watu wa kuomba kachumba kamoja ka kupandia kwa huyu na kwa yule.

Basi mwanangu akapiga simu kwa mkwe wangu. Majani yalikuwa tayari yamefyekwa na kukauka, yanalia ukiyakanyaga. Akasema Alhamisi atapita na wageni waione ngolo. Niliyasikia yote, maana simu ya mkwe wangu inapiga kelele kama redio. Lakini mimi nilichukua neno moja tu, kwamba anakuja. Nikajisemea moyoni, amesikia habari za sengu, wageni ni kisingizio, anakuja kulaza. Nikachinja jogoo. Nikasonga ugali mkubwa kama wa msiba. Nikamtuma binti mkubwa afagie mpaka njia ya shambani, ambayo haijawahi kufagiwa tangu iwe njia.

Gari lilisimama barabarani, wakapanda kwa miguu. Wazungu, wazee kwa vijana, kila mmoja na fimbo za chuma mikono yote miwili kama watu wenye miguu mibovu. Kati yao alikuwepo binti mmoja wa Dar es Salaam, mweusi kama sisi, naye amekuja kutalii. Hilo lilinishangaza kidogo, kwamba Mswahili mwenzetu anatumia likizo yake kuangalia watu wanavyolima. Mbele yao alitangulia mwanangu. Amenenepa. Amefuga ndevu za baba yake.

Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa uwanja. Akafika, akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, bibi."

Nikamtazama. Sijawahi kuwa bibi yake. Bibi yake amelala pale chini ya migomba. Nikadhani anatania, nikangoja acheke. Hakucheka. Macho yake yalikuwa yananiomba. Nimelea watoto, najua jicho linaloomba.

"Marahaba," nikasema.

Mkwe wangu alikuwa amesimama na beseni la maji ya kunawa, mdomo wazi. Nikamwambia kwa Kimatengo, "Funga mdomo uweke beseni chini."

Binti wa Dar akauliza, "Bibi anasemaje?"

"Anawakaribisha," mwanangu akajibu.

Tukaenda shambani. Akawaeleza kwa Kiingereza, mikono inazunguka, nami nikawa nasikia "ngolo" na "Matengo" yakipita katikati. Yule binti akanijia. "Bibi, anasema kilimo hiki ni cha mababu zenu, na hakuna mahali pengine wanalima hivi. Ni kweli?"

"Muulize yeye. Si ndiye anayejua."

Binti akacheka. Mwanangu alisikia, akainama kufunga kamba ya buti iliyokuwa imefungwa vizuri tu.

Mzungu mmoja mnene akaingia ndani ya shimo la mwaka jana, akazama mpaka magotini, akabaki anacheka hawezi kutoka. Mkwe wangu akanong'ona, "Mama, huyu tumtoe au tumpandie maharage?" Nikauma mdomo nisicheke. Siku ile nilicheka mara hiyo tu, na nilicheka kwa ndani.

Kisha mmoja wao akataka kuona majani yanalazwaje. Mwanangu akasita. Akalitazama shamba, akanitazama. Halafu akavua koti, akainama, akaanza.

Vijana, mimi niwaambie kweli. Mtoto yule mikono yake haijasahau. Alikusanya majani kwa mikono miwili, akayakandamiza kwa goti, akayalaza, akarudi hatua moja akaangalia mstari kwa jicho moja kama alivyokuwa akifanya baba yake. Mstari ulishuka mlima umenyooka kabisa. Hakuna aliyeniambia nichukue jembe. Nililichukua mwenyewe, nikaanza kuchimba nyuma yake. Nilisikia pumzi yake ikipanda, nikasikia harufu ya majani makavu na jasho, na kwa muda ule sikuwaona wageni wala simu zao. Nilikuwa nachimba nyuma ya mwanaume wa nyumba yangu.

Mlima wa pili, ng'ambo ya kijito, shemeji yangu alikuwa shambani kwake. Akamwona. Huku kwetu watu huzungumza mlima kwa mlima, sauti inavuka. Akapiga kelele kwa Kimatengo, "Amerudi? Shemeji! Mtoto amerudi?"

Sikujibu. Nilimtazama mwanangu, kwa sababu jibu lilikuwa lake.

"Yule mzee anasemaje?" binti akauliza.

"Anawasalimu," mwanangu akasema, na akampungia mkono baba yake mkubwa. Shemeji naye akapunga, amefurahi, akaendelea kulaza majani yake, wimbo kabisa mdomoni.

Alilaza mstari ule mpaka chini. Alipofika mwisho akajipangusa mikono, akachukua koti. Wageni wakapiga makofi. Mlima mzima ulikuwa umebaki haujalazwa, nao wanapiga makofi.

Chakula changu hawakula. Walikuwa na chakula chao kwenye visanduku, mikate na mayai, na inaonekana ndivyo walivyopangiwa. Mwanangu aliinusa harufu ya jogoo pale uwanjani, nilimwona pua yake. Lakini naye akala mkate.

Walipokuwa wanajifunga mizigo, yule binti wa Dar akaniuliza kama nimewahi kufika ziwani.

"Kabla mama yako hajazaliwa. Tulikuwa tunashuka kwa miguu na mahindi kichwani, tunabadilishana na Wanyasa, tunapanda na usipa, dagaa wao."

"Basi twende ukaone tena! Nafasi ipo kwenye gari. Kesho utarudi."

"Bibi amechoka," mwanangu akasema haraka.

"Sijachoka," nikasema.

Sikutaka kuona ziwa. Nilitaka kukaa na mtoto wangu mahali pamoja, nimuulize neno moja anijibu, kabla maharage hayajapandwa. Nyumbani alikuwa hanipi nafasi, basi nitamfuata kazini kwake. Nikaingia ndani nikachukua kanga na sweta. Mkwe wangu akanifuata mpaka garini.

"Mama, unakwenda kutalii na kandambili?"

"Ziwani watu wanavua viatu. Wewe angalia mbuzi."

Njia sasa ni lami tupu, inashuka kwa kona mpaka Mbamba Bay. Wageni walikuwa wanaomba gari lisimame kila kona wapige picha. Mimi nilikaa nyuma kabisa na mizigo. Mwanangu alikaa mbele na dereva, na njia nzima nilichokiona ni kisogo chake. Alikuwa anazungumza anacheka, Kiingereza kinamtoka kama maji. Nilikuwa sijui kwamba mtoto wangu ni mtu wa kuchekesha. Nyumbani alikuwa mkimya.

Kule pwani wenzake wa kazi walikuwa wameshasimamisha mahema karibu na mawe makubwa. Joto la ziwani si la kwetu, sweta nikaliweka mapajani kama mtoto. Wakanipa kiti cha turubai, nikakaa. Wageni wakavaa miwani ya kuzamia, wakaingia majini kuangalia samaki wadogo wa rangi walioko kwenye mawe, samaki ambao Wanyasa huwapita kila siku wakienda kutega wakubwa. Wengine wakapanda mitumbwi ya plastiki, mmoja mmoja, wakapiga kasia kwenda kisiwani. Wanawake wa pale walikuwa wanaosha vyombo na kuanika usipa, wakanitazama. Mmoja akapita karibu.

"Shikamoo mama. Na wewe ni mtalii?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Haya, pumzika mama. Leo umepata wa kukupikia." Akaenda akicheka na wenzake.

Niliangalia nilikotoka. Kutoka chini milima ile haina nyumba, haina shamba, ni kitu kimoja cha bluu kilichofunikwa na wingu. Nilitafuta upande wa kijiji cha Mapera, nikatafuta upande wa kwetu, sikupata. Nikawaza kwamba mwanangu hufika hapa mara nyingi, na kila akiinua macho anaona hivi hivi.

Kila nilipoinuka kumfuata, kuna aliyemwita. Huyu kamba imekatika, huyu amechomwa na jua, huyu anataka kujua kama kuna mamba. Alikuwa anakimbia kwa huyu na kwa yule. Nikarudi kwenye kiti changu.

Wakati wa kula, jua likiwa bado lipo, wakatukalisha mezani, ugali wa muhogo na samaki mbasa mkubwa. Mwanangu ndiye aliyezungusha maji ya kunawa. Akaanza na mimi, kwa kuwa ndimi mzee. Alipomimina, akainamisha kichwa, na chini ya sauti ya maji akasema, "Mama." Hilo tu. Nikakung'uta mikono, akaenda kwa mwingine.

Yule binti alikuwa amekaa karibu nami. Hakuwa mtoto mbaya, mimi simlaumu. Alikuwa anataka tu kuzungumza.

"Bibi, una watoto?"

Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yake na jagi.

"Nilikuwa nao wawili. Mmoja amefariki."

"Pole sana bibi. Na huyu mwingine yuko wapi?"

Nilimtazama mwanangu usoni. Nilimpa nafasi, vijana. Nilikaa kimya kwa makusudi, nikatafuna tonge ambalo halikuwa na cha kutafunwa. Alikuwa na neno moja la kusema, na mdomo wake ulikuwa huru. Akainua jagi akaenda kuongeza maji.

"Yuko safarini," nikamwambia binti.

"Huwa anakuja kukuona?"

"Hupita."

Wakanipa hema peke yangu, na godoro zuri kuliko la nyumbani. Nimelala na dada zangu, nikalala na mume, nikalala na watoto, sasa nalala na wajukuu. Kulala bila kusikia mtu mwingine akipumua nilikuwa sikujui mpaka siku ile niliyotalii.

Asubuhi wageni walipokwenda na watu wa boti, akaniletea chai.

"Kaa," nikamwambia. Akakaa mchangani.

"Mama, nisamehe kwa jana."

"Hilo baadaye. Baba yako mkubwa na wazee wanataka jibu. Utalaza shamba la baba yako au wampe mwingine?"

Akachukua mchanga, akaumwaga. "Mama, nikilaza nani atawatembeza hawa?"

"Sijauliza hilo."

Akachota mchanga mwingine. Nilikunywa chai mpaka nusu.

"Sirudi, mama. Siwezi. Ile siku moja naweza, jana uliona. Lakini kuamka pale kila siku, hapana. Wampe huyo mwingine."

"Na sisi tutakula nini?"

"Nitakuwa natuma."

"Na kwa nini uliniita bibi?"

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. "Ningewaambia wewe ni mama yangu, wangeniuliza mbona mama yako amebaki peke yake na shamba lote lile, na wewe uko na sisi. Yule binti angeuliza, umemwona alivyo. Ningemjibu nini?"

"Ungemjibu ulivyonijibu mimi sasa hivi."

Boti ikarudi, mtu alikuwa amesahau kofia. Wakamwita. Akainuka, akakung'uta mchanga, akaenda akikimbia, na alipofika kwao nikamsikia tayari amewachekesha.

Sikulia. Mtu mzima anaweza kulikataa jembe, si kosa la kumfunga. Ila nilijua sasa kwamba siku zote nilizokuwa nawaambia watu "mwanangu atakuja," nilikuwa nazungumza peke yangu.

Alinisindikiza mpaka stendi, akanitafutia kiti cha dirishani. Pale hapakuwa na mgeni wake hata mmoja. Gari lilipowashwa akasimama dirishani, akasema kwa sauti watu wote wakageuka, "Shikamoo, mama! Safari njema, mama!"

"Marahaba."

Nilipofika nyumbani, shemeji alikuwa ananisubiri uwanjani, na kichupa cha asali mkononi amemletea mwanangu.

"Yuko wapi? Nilimwona kwa macho yangu analaza."

"Alikuwa anawaonyesha wageni."

Akaitazama njia niliyojia. Ni mzee mgumu, lakini siku hiyo hakunisema. Akaiweka ile asali kwenye kizingiti. "Wapeni watoto. Ila Jumapili baada ya misa wazee wanakaa, shemeji. Sina namna."

"Wakae. Na mimi nitakuja na langu."

"Lipi?"

"Utalisikia hapo."

Akaondoka. Nikaingia jikoni. Mkwe wangu na mabinti walikuwa wamezunguka moto, na hakuna aliyeniuliza kitu, walikuwa wamenitazama usoni wakamaliza. Yule mkubwa akanisogezea kigoda. Sikukaa.

Nikawaambia: "Kesho asubuhi hatumngoji mtu. Nyinyi mabinti mtalaza majani, mama yenu atachimba, na mimi nitasimama juu kuwanyooshea mistari. Jumapili wazee wakikaa, shamba liwe limelazwa lote. Na mtu yeyote wa nyumba hii asiniambie kwamba hiyo ni kazi ya wanaume."